Kwa nini rubani wa helikopta ya kupulizia dawa hugonga waya wa umeme ambao alikuwa anajua upo?

#1 Mwanamto (Mbezi Mwisho)

Habari za jioni, wakuu. Ninaishi Mbezi, lakini nina ekari nane za mpunga kwenye skimu moja upande wa Bagamoyo. Msimu huu mwenye shamba kubwa linalopakana nasi analeta helikopta kupulizia viuatilifu, na ametuomba wakulima wadogo tujiunge ili gharama igawanyike. Jumanne rubani alikuja kwa gari, bila helikopta yake, akatembea kwa miguu kwenye majaruba kwa zaidi ya saa mbili akiwa na daftari la mistari na penseli. Hakuuliza habari za mpunga. Alihesabu nguzo za umeme, akachora kila moja, akaweka mshale kuonyesha waya unaelekea wapi.

Nilipomwambia kwamba waya za pale tunazijua sote na tunaweza kumwonyesha kwa dakika kumi, alinijibu kwamba waya anaoujua ndio unaomtia hofu zaidi, kwa sababu marubani wengi wa kazi yake wamegonga waya waliokwisha kuuona. Jambo hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Mtu amechora waya asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, anawezaje kuugonga saa nne? Wenye ujuzi naomba mnieleweshe.

#2 KipawaHanga (Kipawa)

Rubani wako amekwambia kweli, Mwanamto. Nimefanya matengenezo ya helikopta kwa miaka 14 na nimewasikia marubani wengi wakisema hivyo hivyo. Taasisi ya Australia inayochunguza ajali za usafiri iliwahi kupitia taarifa za ndege zilizogonga waya katika kazi za mashambani, ikaonekana kwamba asilimia 63 ya marubani walijua mahali waya ulipo kabla ya kuugonga.

Maelezo yangu ni kwamba tatizo ni wingi wa kazi kichwani. Helikopta inayopulizia huenda kwa mwendo wa kilomita 110 hivi kwa saa, ambao ni takribani mita 30 kila sekunde, na mabomba yake ya kupulizia yakiwa mita mbili hadi nne tu juu ya mimea. Katika sekunde hizo rubani anatazama mstari wa GPS ili asiruke kipande wala asirudie kipande, anatazama presha ya dawa, anahisi upepo umegeuka, anajua tenki linapungua na mashine inakuwa nyepesi, na mwisho wa shamba unakuja. Waya hausemi chochote. Vitu vingine vyote vinamwita, waya peke yake ndio ulionyamaza.

#3 ChuiWaTandika (Tandika)

Samahani kwa swali la mtu wa mjini. Kwani lazima waruke chini kiasi hicho? Nilisoma kwamba sheria ya kimataifa inakataza ndege kuwa chini ya futi 500, yaani mita 150. Wakipanda juu kidogo tu wanapita waya zote na kazi inaendelea.

#4 KipawaHanga (Kipawa)

Chui, futi 500 ni kweli kwa safari za kawaida nje ya miji, na juu ya miji ni zaidi ya hapo. Hata hivyo kanuni hiyo yenyewe inaacha nafasi kwa anayepaa, anayetua, na mwenye kibali cha mamlaka. Upuliziaji wa mashamba hufanyika kwa kibali cha namna hiyo. Ukipuliza kutoka mita 150, matone yatapeperuka hadi kwenye kisima cha kijiji cha pili na mpunga wako ubaki mkavu. Kadiri matone yanavyoachiwa karibu na majani ndivyo yanavyofika yanapotakiwa.

#5 Mpimamacho (Kariakoo)

Ninaheshimu maelezo ya KipawaHanga, lakini ninaona ameanza na kichwa kabla ya kumaliza habari ya macho. Kazi yangu ni kupima macho na kutengeneza miwani, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo.

Macho yetu yamekaa ubavu kwa ubavu. Ubongo hukadiria umbali kwa kulinganisha picha ya jicho la kushoto na ile ya jicho la kulia, na tofauti unayoitafuta ni ya upande kwa upande. Nguzo iliyosimama wima hutoa tofauti hiyo waziwazi. Waya uliolala mlalo mbele yako hauna alama yoyote inayosogea upande, kwa hiyo picha mbili zinafanana na ubongo unakosa pa kushika. Unauona waya, lakini hujui kama uko mita 40 au mita 140.

Jaribuni nyumbani. Tandaza kamba ya kuanikia nguo uani, isiwe na nguo hata moja, kisha simama mbele yake mahali ambapo huoni miti inakofungwa, na unyooshe kidole uiguse bila kupapasa. Utakosea. Sasa weka kibanio kimoja tu katikati ya kamba, ujaribu tena. Umbali unakuja wenyewe.

Halafu kuna habari ya unene. Waya wa milimita 10 ukiutazama kutoka mita 100 unaonekana na unene sawa na unywele mmoja ulioshikwa sentimita 70 kutoka jichoni. Unywele huo ukiushika mbele ya dirisha lenye mwanga utauona vizuri kabisa. Ukiushika mbele ya mkeka wenye rangi nyingi, umepotea. Helikopta ikiwa chini ya waya, nyuma ya waya ni anga, na rubani anauona. Akipanda kidogo, nyuma ya waya ni mpunga, migomba na udongo, na waya ule ule aliouona sekunde mbili zilizopita haupo tena. Kwa hiyo mtu anaweza kuujua waya, akauona asubuhi, na bado saa nne macho yake yakawa mazima lakini hayana msaada.

#6 FundiLaini (Mbagala)

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Nimepanda nguzo kwa miaka 27 hadi nilipostaafu, na ninataka kuongeza upande wa waya wenyewe, maana mnazungumza kana kwamba waya ni kitu kimoja kisichobadilika.

Waya mpya wa alumini unang'aa. Baada ya miaka michache unachakaa na kuwa wa kijivu kama wingu la masika, na wa shaba unageuka kijani. Waya haukai pale pale pia. Jua la mchana na mzigo mkubwa wa umeme huupasha moto, unarefuka na kulegea, kwa hiyo katikati ya nguzo na nguzo waya wa saa nane mchana uko chini kuliko ule uliochorwa saa moja asubuhi. Rubani anayepima kwa kumbukumbu ya asubuhi ana kipimo kilichopitwa na wakati.

Kwenye laini kubwa za kilovolti 132, 220 na 400 kuna hatari nyingine. Juu kabisa ya minara kuna waya mwembamba wa kukinga radi. Rubani anaona zile nene zenye umeme, anavuta helikopta kuziruka, na anakutana na ule mwembamba ambao hakuwa ameuhesabu. Ndiyo maana wanaojua kazi huvukia laini juu ya nguzo au mnara wenyewe na si katikati, kwa sababu nguzo inaonekana na hapo ndipo waya ulipo juu kuliko mahali pengine.

Mwanamto, huyo rubani aliyetembea na penseli alikuwa anasoma nguzo. Ule mti wa kukingama juu ya nguzo hukaa msalaba na waya, hivyo ukiuona unajua waya unaelekea wapi hata kama waya wenyewe huuoni. Ukiona stei, ule waya wa kushikilia nguzo ulioingia ardhini, ujue laini inavutia upande wa pili. Ukiona nguzo moja ina vikombe, vile vinavyoshika waya, vya pande mbili tofauti, hapo pana tawi linachepuka. Na popote penye transfoma, pampu ya maji au nyumba yenye taa, kuna waya uliofika pale, hata kama migomba imeuficha.

#7 MamaNuru (Ukonga)

Asanteni kwa elimu hii. Mimi nilikuwa ninaelewa kwamba helikopta ikigusa waya inaungua kwa umeme. Je, kama laini ikizimwa kabla ya kupuliza, si hatari inaisha?

#8 KipawaHanga (Kipawa)

MamaNuru, hapana, na ninafurahi umeuliza kwa sababu wengi wanafikiri hivyo. Helikopta iliyo hewani haijagusa ardhi, kwa hiyo umeme wenyewe mara nyingi sio unaoangusha. Kinachoangusha ni waya kama kamba. Unajizungusha kwenye mhimili wa mapanga, au unakata fimbo zinazoongoza mapanga, au unanasa mabomba ya kupulizia yanayotokeza pembeni na kuivuta helikopta upande mmoja, au unafika kwenye panga dogo la mkia. Chini ya mita kumi hakuna nafasi ya kurekebisha chochote.

Umeme ni hatari kubwa kwa walio chini. Waya uliokatika ukalala kwenye jaruba lenye maji unaweza kuua watu wanaokimbilia kumsaidia rubani. Kwa hiyo kuzima laini kuna faida, ila faida hiyo ni ya waokoaji na wakulima. Kwa helikopta yenyewe waya uliozimwa ni waya ule ule.

#9 HesabuIlala (Ilala)

Nimewasoma wote kwa makini. Mnaongelea macho, joto na kumbukumbu, lakini hakuna aliyetaja fedha. Helikopta hulipwa kwa hekta. Ikiwa hewani inatumia mafuta na saa za injini, ikiwa chini haiingizi kitu. Upepo wa asubuhi ukishaanza kuvuma, kazi inasimama hadi jioni au kesho. Katika mazingira hayo rubani anajua waya upo, lakini anapunguza duara la kugeuka, anapita karibu zaidi, anaacha kuruka mara moja ya ukaguzi kabla ya kuanza. Mimi ninasema waya unagongwa kwenye mkataba kabla haujagongwa shambani.

#10 KipawaHanga (Kipawa)

HesabuIlala, umegusa jambo la kweli, ila lina upungufu. Kama fedha ndiyo sababu kuu, ajali zingetokea zaidi kwenye mistari mirefu ya katikati ambako ndiko hekta nyingi zinapigwa. Marubani wenyewe wanaogopa zaidi mistari ya kumalizia. Shamba limekwisha, kimebaki kipembe kilichorukwa karibu na nguzo au kando ya barabara. Siku nzima amekuwa akienda mashariki na magharibi sambamba na laini, na sasa kwa mara ya kwanza anakata kaskazini kwenda kusini ili apige kipembe hicho. Waya uliokuwa ubavuni asubuhi nzima sasa uko mbele ya uso. Kipande hicho hakina fedha ya maana, ni mita chache tu.

#11 HesabuIlala (Ilala)

Kwa heshima, hoja yako inanisaidia mimi. Kwa nini anarudi kupiga kipembe hicho? Kwa sababu mwenye shamba akiona magugu pale atakataa kulipa. Hiyo nayo ni fedha.

#12 MwanaRukwa (Kimara)

Habari zenu. Niko Dar sasa, lakini miaka ya nyuma nilifanya kazi ya kibarua upande wa bonde la Rukwa, ambalo ni moja ya mazalia ya nzige wekundu, kwenye timu ya chini ya helikopta ya kupulizia. Kazi yangu ilikuwa kujaza tenki la dawa huku mapanga yanazunguka.

Rubani tuliyekuwa naye alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza. Akitua kujaza, hakuna mtu kumsemesha, hata kwa salamu. Siku moja alitua akamkuta mgeni mheshimiwa amekuja kuona kazi, na kwa adabu zetu mtu huyo alisogea dirishani, akampa mkono na kumuuliza habari za familia. Rubani alijibu vizuri. Tenki likajaa, akanyanyuka, akaenda kama mita 300, kisha tukaona anapunguza mwendo, anageuka na kurudi kutua na tenki lake limejaa. Alizima kabisa. Aliniambia baadaye kwamba alipokaribia shamba aligundua kuwa hakumbuki waya wa simu uko upande gani wa kile kibanda cha pampu, na alikuwa ameuvuka mara kumi na moja asubuhi hiyo.

Kwa hiyo mimi sikubaliani moja kwa moja na Mpimamacho wala na HesabuIlala. Macho yake yalikuwa yale yale, na fedha ilikuwa ile ile. Alichokatishwa ni mawazo. Alikuwa ameushika waya kichwani kama mtu anayebeba maji kwenye viganja, ukamsalimia, mikono ikafunguka.

#13 Mpimamacho (Kariakoo)

MwanaRukwa, kisa chako kimenigusa na ninakubali kwamba kumbukumbu ina nafasi yake. Lakini jiulize kwa nini alihitaji kuukumbuka. Kama angeuona, asingehitaji kukumbuka. Hakuna dereva anayekumbuka lori lililo mbele yake, analiona. Kumbukumbu inaitwa kazini kwa sababu macho yameshindwa.

#14 MwanaRukwa (Kimara)

Na mimi nakurudishia swali lako. Mwaka mzima macho yanashindwa na hakugonga. Siku moja mtu anamsalimia, nusura agonge. Kilichobadilika siku hiyo ni kipi?

#15 BintiMsasani (Msasani)

Jamani, mbona dawa yake ipo? Yale maputo makubwa mekundu na meupe yanayofungwa kwenye waya. Sheria ya kimataifa ya usafiri wa anga inalazimisha kila laini iwe nayo. Yakifungwa, mjadala huu unakwisha, na Mpimamacho atakuwa amepata vibanio vyake vya nguo.

#16 FundiLaini (Mbagala)

Binti yangu, nia yako ni njema lakini hapo pana marekebisho. Alama hizo zimo kwenye viwango vya kimataifa, na vipimo vyake vinajulikana: mviringo usiopungua sentimita 60 kwa upana, na umbali kati ya moja na nyingine usiozidi mita 30 kwa ukubwa huo, na unaruhusiwa kuongezeka hadi mita 40 mviringo ukifikia sentimita 130. Rangi hupishana, nyeupe na nyekundu au nyeupe na ya machungwa. Ila hazitakiwi kwenye kila laini. Zinalenga nyaya zinazovuka mito, mabonde au barabara kuu, pale ambapo uchunguzi umeonyesha kwamba ni hatari kwa ndege. Laini ya kilovolti 11 au 33 inayokatisha majaruba ya mpunga kwa kawaida haimo.

Nyaya za laini hizo ni nyepesi na nguzo zake ni za miti. Ukizitundikia mizigo inayoshika upepo kila mita 30, utakuwa umebadilisha hesabu ya nguzo nzima. Australia wana kiwango chao mahususi kwa ajili ya ndege zinazoruka chini, na zipo alama ndogo zinazozunguka kwa upepo, ambazo hufungwa mahali penye hatari zaidi. Hizo ninaziona zinafaa kuliko maputo.

Na nimrudie KipawaHanga kwa heshima kuhusu ile asilimia 63 ya chapisho #2. Siibishii, lakini ni ya Australia. Kule na New Zealand vijijini kuna laini za waya mmoja tu unaotumia ardhi kama njia ya kurudi, mfumo uliobuniwa na Lloyd Mandeno huko New Zealand mwaka 1925. Waya ni mmoja, nguzo ziko mbali mno, unaweza kusimama chini ya waya usione nguzo ya kulia wala ya kushoto. Hapa kwetu mara nyingi unaona nyaya tatu kwenye mti wa kukingama, na nguzo ziko karibu zaidi. Hatari ipo, lakini sura yake si ile ile, na tusiichukue namba ya watu tukaivisha kanzu yetu.

#17 KipawaHanga (Kipawa)

Nimepokea marekebisho, Fundi. Ningepaswa kusema hivyo tangu mwanzo.

#18 ChuiWaTandika (Tandika)

Vipi kuhusu vile visu vya kukata waya? Nimeona picha ya helikopta yenye kisu kama pembe ya kifaru juu ya kioo.

#19 KipawaHanga (Kipawa)

Vipo, Chui. Vilianza kutengenezwa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya helikopta za jeshi. Kinawekwa kimoja juu na kimoja chini, na katikati ya kioo unapita ukingo wa chuma unaouelekeza waya kwenye kimojawapo. Vinaweza kukata kebo ya chuma ya karibu milimita 10.

Niliwahi kuletewa helikopta ambayo kisu chake cha juu kilifanya kazi. Sitataja ya nani. Kwenye ukingo wa kioo kulikuwa na mchirizi mweusi uliopanda kuanzia usawa wa pua ya rubani hadi juu, mnyoofu kama uliochorwa kwa rula, na ndani ya mdomo wa kisu kulikuwa kumebaki nyuzi tatu za alumini zilizokatwa, zimejikunja kama kucha. Nilizitoa kwa koleo. Rubani alikuwa amesimama nyuma yangu na hakusema neno hadi nilipomaliza.

Lakini kisu kinahitaji helikopta iwe inakwenda mbele kwa kasi, na waya uje usawa wa kioo. Ikiwa inageuka polepole mwisho wa shamba, kisu hakina nguvu. Waya ukija juu kwenye mapanga, au chini kwenye mabomba ya dawa, au nyuma mkiani, kisu hakihusiki kabisa.

#20 JembeJipya (Goba)

Wakuu, tunazunguka wakati jibu liko sokoni. Ndege zisizo na rubani zinapulizia mpunga sasa hivi. Zikigonga waya, imepotea mashine, hakuna mjane.

#21 MamaNuru (Ukonga)

JembeJipya, kila uzi unaoingia unauza ndege zako. Ila leo neno la mwisho ulilosema limeniingia.

#22 JembeJipya (Goba)

Nimekubali kutaniwa, Mama, lakini ninasema kweli. Ninazirusha mwenyewe. Nitakuwa mkweli pia kuhusu mipaka yake: tenki ni dogo, betri inaisha baada ya dakika chache, na kwa shamba la mamia ya hekta wakati wadudu wamekwisha kuingia, helikopta inamaliza kwa asubuhi moja kazi ambayo mimi ningeifanya kwa siku nyingi. Na vihisi vyake navyo vinapata taabu kuona waya mwembamba, sawa na jicho la Mpimamacho.

#23 FundiLaini (Mbagala)

Kuna jambo jingine ambalo halijasemwa, na kwangu ndilo linaloongoza. Umeme umefika vijijini kwa kasi kubwa miaka hii, na kwa hilo tumshukuru Mungu, maana nimeviona vijiji vikiwashwa taa kwa mara ya kwanza na watu wazima wakilia. Lakini kila tawi jipya ni waya mpya. Rubani aliyepulizia shamba fulani mwaka juzi anarudi na mchoro wa mwaka juzi kichwani. Anajua waya, ndiyo, anajua nyaya mbili, na sasa ziko tatu. Ninashuku kwamba baadhi ya hao wanaohesabiwa kuwa walijua waya, waliujua mmoja wakagonga ndugu yake. Queensland kule Australia kuna ramani ya laini zote ambayo mkulima au rubani yeyote anaifungua bure kwenye simu. Sisi tukipata ramani ya namna hiyo, inayosasishwa kila laini inapowashwa, tutaokoa watu.

#24 Mpimamacho (Kariakoo)

Ramani ninaiunga mkono kwa mikono miwili, Fundi. Bado ninashikilia kwamba ramani iko kwenye karatasi na waya uko mbele ya mpunga.

#25 HesabuIlala (Ilala)

Na mimi bado ninashikilia kwamba mkataba uweke malipo ya saa moja ya ukaguzi kabla ya kazi, na kipengele kinachosema kwamba mita 30 kando ya laini yoyote zitapulizwa na watu kwa bomba la mgongoni. Hapo rubani hatakuwa na sababu ya kurudi kwenye kipembe, iwe ni kwa macho, kwa kumbukumbu au kwa njaa.

#26 MwanaRukwa (Kimara)

HesabuIlala, hilo la mita 30 hata mimi nimelipenda. Ongeza na kipengele cha kutomsalimia rubani.

#27 Mwanamto (Mbezi Mwisho)

Wakuu, asanteni sana. Baada ya kusoma chapisho #6 la Fundi, Jumamosi nilikwenda shambani na nakala ya mchoro wa rubani aliyotuachia, nikazungukia nguzo moja baada ya nyingine. Zote zilikuwemo isipokuwa kitu kimoja. Kwenye kona ya kusini kuna miembe mitatu mikubwa, na ndani yake kuna nguzo ambayo kutoka barabarani unaiona nusu tu. Niliingia chini ya miembe nikatazama juu. Ina miti miwili ya kukingama, mmoja umekaa msalaba na mwingine. Wa kwanza ni wa laini tunayoijua. Wa pili una waya zinazotoka kuelekea mtoni, kwenye pampu ambayo jirani aliacha kuitumia miaka kadhaa iliyopita. Zinapita juu ya majaruba manne, yangu mawili yakiwemo. Nimelima pale misimu sita na nilikuwa siwezi kukuambia kama zipo.

Hazimo kwenye mchoro wa rubani, wala sisi hakuna aliyemtajia. Fundi, nilitaka kukuuliza, nitajuaje kama zina umeme?

#28 FundiLaini (Mbagala)

Usijaribu kujua, mwanangu. Kaa mbali nazo na utoe taarifa ofisi ya umeme ya wilaya waje kuzipima na kuzishusha kama hazitumiki. Kuhusu helikopta, rudi kwenye jibu alilopewa MamaNuru kwenye #8. Mchoree rubani sasa hivi, zikiwa na umeme au hazina.

#29 Mwanamto (Mbezi Mwisho)

Nimempigia simu jioni hii. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimhesabie nguzo kuanzia kwenye miembe hadi mtoni, na kila moja ina vikombe vingapi. Nimemwambia ni nguzo nne. Amesema kazi iliyopangwa Jumatano ameisogeza, na Alhamisi saa moja asubuhi atakuja tena kwa gari.

#30 MwanaRukwa (Kimara)

Akifika, mwonyeshe miembe kwanza. Salamu baadaye.

#31 KipawaHanga (Kipawa)

Mwanamto, ukiweza mpigie picha ile nguzo kutoka usawa wa barabara na nyingine kutoka chini ya miembe, uziweke hapa. Ninataka kuwaonyesha vijana wangu wa hanga la ndege.